Picha ya Mnyamapori kwa Penseli za Rangi: Dalili Unazoziona na Pa Kutafuta Chanzo

Ukiona kasoro kwenye sura ya simba au tembo uliyoichora kwa penseli za rangi, kwa kawaida unaiona juu kabisa, kwenye tabaka la mwisho, na mkono unakimbilia kurekebisha hapo hapo. Hapo ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Picha ya namna hii hujengwa kwa matabaka mengi, na rangi ya penseli hupitisha nuru: kilicho chini kinaendelea kuonekana hata ukifunika mara tano. Kwa hiyo chanzo cha kasoro karibu kila mara kiko chini ya pale unapoiona. Kiko kwenye karatasi, au kwenye matabaka ya mwanzo, au kwenye picha ya kamera unayoitazama. Mwongozo huu unaanza na dalili, kisha unashuka.

Kwanza zijue penseli zako. Kuna zinazoshikizwa kwa nta, mfano Prismacolor Premier na Caran d'Ache Luminance, na kuna zinazoshikizwa zaidi kwa mafuta, mfano Faber-Castell Polychromos. Za nta ni laini na hufunika haraka, lakini hujaza karatasi mapema. Za mafuta ni ngumu kidogo na ncha yake hudumu ikiwa kali. Unaweza kuzitumia zote kwenye picha moja bila shida. Lakini kasoro kadhaa hapa chini hutegemea ni ipi uliyoanza nayo, kwa hiyo kumbuka.

Rangi haishiki tena

Penseli inateleza. Rangi mpya haikai, au inakaa kwa mabaka. Ukiinamisha karatasi dirishani, sehemu ile inang'aa.

Uso wa karatasi una vijishimo vidogo sana. Vijishimo hivyo ndivyo vinavyoikwangua penseli na kubaki na rangi. Vikishajaa nta, penseli haina pa kushika, na kadiri unavyokandamiza ndivyo unavyozidi kuusawazisha uso. Sababu ni mojawapo ya mbili: ulikandamiza mapema, au karatasi ilikuwa nyororo mno tangu mwanzo. Usikisie. Chukua kipande cha karatasi ileile, shika penseli nyuma karibu na mwisho wake ili mkono ukose nguvu, weka matabaka sita mepesi. Yakishika yote sita, tatizo ni mkono wako. Yakianza kuteleza kwenye la tatu au la nne, tatizo ni karatasi, na hakuna ustadi utakaoishinda.

Karatasi ya printa ya gramu 80 haifai hata kwa mazoezi ya manyoya, kwa sababu inakufundisha kukandamiza. Karatasi ya kuchorea ya dukani, iitwayo katriji, hubeba matabaka machache, inatosha kwa jicho moja au pua. Kwa sura nzima ningetafuta karatasi ya rangi za maji, ile aina laini iliyobanwa kwa joto, gramu 300 kwa mita ya mraba. Arches na Fabriano Artistico ni za pamba na huvumilia kufutwa. Pastelmat ya Clairefontaine, gramu 360, ina uso unaoshika rangi kuliko zote nilizozitaja, ila hula penseli haraka na haitoi unywele mwembamba kirahisi. Bei zake si za mchezo. Nunua karatasi moja kubwa uikate vipande vinne kabla ya kununua kitabu kizima cha karatasi hafifu.

Kama picha imeshafika mbali na hutaki kuitupa, ondoa kwanza ndipo uongeze. Ile gundi ya kukandwa ya kubandikia mabango ukutani inafaa sana: ibonyeze juu ya sehemu iliyojaa, inua, ikande, rudia. Usisugue. Ukitaka kutoa mstari mmoja tu, weka kipande cha selotepu juu bila kukibana, pitisha kalamu ya wino juu yake pale unapotaka rangi itoke, kisha kibandue taratibu. Baada ya hapo unaweza kupuliza dawa ya kushikiza rangi, ile inayoruhusu kuendelea kuchora. Huongeza ukwaru kidogo, wa kutosha matabaka mawili matatu. Pulizia nje, upepo ukiwa nyuma yako.

Thina isiyo na harufu, kwa brashi ndogo, huyeyusha nta na kuipeleka rangi ndani ya vijishimo. Ni msaada mkubwa kwenye matabaka ya mwanzo, lakini iache ikauke kabisa kabla ya kurudi na penseli. Wapo wanaotumia mafuta ya watoto kwa kazi hiyo. Siyapendekezi kwa picha utakayouza, maana mafuta hayakauki kama thina na yanaweza kusambaa ndani ya karatasi.

Vidoa vyeupe vimebaki kila mahali

Hii ni kinyume cha dalili ya kwanza: vijishimo havijajaa kabisa, na pua ya simba inaonekana imenyunyiziwa chumvi. Mara nyingi penseli ni butu. Ncha pana hupita juu ya vijishimo bila kuingia. Ichonge iwe kali, zungusha viduara vidogo badala ya kupiga mistari, na uchonge tena kila baada ya dakika chache. Kama bado, pitisha thina mara moja. Kusugua kwa penseli nyeupe au ya rangi ya krimu ili kuziba vidoa ni hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu ukishafanya hivyo umelifunga eneo hilo.

Ukungu mweupe juu ya sehemu nyeusi

Ulimaliza manyoya meusi ya shingoni yakiwa meusi tii, na baada ya siku au wiki kadhaa yamekuwa ya kijivu. Hiyo ni nta iliyopanda juu. Hutokea kwa penseli za nta, hasa pale ulipoweka rangi nzito. Pitisha kitambaa laini cha pamba kwa wepesi na weusi utarudi. Kisha puliza dawa ya kushikiza mara mbili au tatu, kila safari nyembamba, ili isirudi.

Mkazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja aangalie kitu kimoja zaidi, kwa sababu unyevu wa pwani huleta kuvu halisi. Nta hukaa juu ya rangi nzito tu na husambaa sawasawa. Kuvu huchagua popote, hata kwenye karatasi tupu, huja kwa madoa, na karatasi hunuka uvundo. Ukiona kuvu, tenga picha hiyo na nyingine, ikaushe kivulini penye hewa, wala usiifute ikiwa mbichi.

Manyoya yamekuwa mistari mitupu

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na dawa yao huwa ni kuongeza mistari. Mistari haikupungua. Kilichokosekana ni umbo chini yake.

Tazama shavu la chui. Kabla ya unywele wowote kuna mfupa wa shavu unaopokea mwanga, kuna bonde chini yake, kuna taya. Kama hukuweka mwanga na kivuli cha maumbo hayo kwanza, kwa rangi laini isiyo na mstari hata mmoja, manyoya utakayopiga juu yatakaa kwenye ukuta bapa. Jipime hivi: finya macho hadi picha iwe na ukungu. Kama kichwa bado kina uzito na uvimbe, umbo lipo na shida ni mistari yenyewe. Kama kimelala, shuka chini ukajenge upya vivuli.

Tuseme umbo lipo. Basi kagua mambo matatu. La kwanza ni mwelekeo. Kabla ya kutia rangi, chukua nakala ya picha ya kamera na uijaze mishale midogo kufuata jinsi manyoya yanavyolala, kwenye paji, kuzunguka macho, shavuni, kidevuni. Kazi ya nusu saa, na inaokoa wiki nzima. La pili ni urefu. Karibu na pua manyoya ya simba ni mafupi mno, ni kama hakuna; yanarefuka kuelekea shavuni, na ya shingoni ni marefu tena yenye vishungi. Mstari wa urefu mmoja usoni kote ndio unaotoa sura ya kikaragosi. La tatu ni mkono: kila mstari uanze kwa nguvu penye shina na uishe kwa kuinua penseli, ili ncha yake ipotee. Mstari wenye unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho hauwi unywele.

Na mpangilio wa kazi una maana. Manyoya ya shingoni hulaliana kama makuti ya paa, na fundi wa kuezeka haanzii kileleni. Anzia kwenye ncha za mbali, zile za chini na za nyuma, ukija kuelekea uso, kila safu ikifunika mashina ya ile iliyotangulia. Ukianza usoni utalazimika kuchomeka manyoya ya nyuma chini ya yaliyokwisha kuchorwa, na hapo ndipo uchafu unapoanza.

Usichore kila unywele. Chora vishungi, kisha ndani ya kila kishungi weka nywele chache, nyingi zaidi pale mwanga unapokutana na kivuli. Ndani ya kivuli kizito na ndani ya mwanga mkali jicho halihesabu nywele.

Masharubu meupe hayaonekani

Penseli nyeupe juu ya nyeusi hutoa kijivu. Si ubovu wa penseli. Nyeupe nayo hupitisha nuru, haifuniki. Masharubu lazima yapangwe kabla ya rangi ya kwanza. Chukua kalamu ya wino iliyokauka au sindano ya kufumia, uchore masharubu kwa kukandamiza karatasi tupu. Ukipitisha penseli juu baadaye, mfereji hubaki mweupe. Weka mkono mmoja wa haraka kwa kila sharubu, maana ukisita, kutetemeka kwako kutabaki humo milele.

Umechelewa? Kwangua kwa ncha ya wembe mpya, ukiinamisha wembe, kwenye karatasi nene tu. Au tumia gouache nyeupe, yaani rangi ya maji nzito inayofunika, kwa brashi nyembamba kabisa. Kalamu ya jeli nyeupe hufanya kazi, ila hukwama juu ya nta, basi jaribu pembeni kwanza.

Kuna kosa jingine hapa ambalo halihusu vifaa. Wachoraji hutawanya vidoa vya mashina ya masharubu ya simba ovyo ovyo. Mwaka 1970 watafiti wawili, Pennycuick na Rudnai, walichapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja kwa mpangilio wa vidoa hivyo, kutokana na kazi iliyofanywa katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na watafiti wanaitumia hadi leo. Ukibahatisha vidoa, umechora simba ambaye hayupo. Vihesabu kwenye picha ya kamera, safu kwa safu.

Ni simba, lakini si yule

Rangi ni nzuri, manyoya ni mazuri, ila sura si yake. Pindua mchoro na picha ya kamera vyote vichwa chini, uvitazame kando kwa kando. Ukiwa hivyo ubongo hauoni tena simba, unaona umbali na pembe, na jicho lililopanda sana hujitokeza lenyewe. Kama hukutumia gridi, chora gridi ya sentimita 2 kwenye karatasi ya plastiki angavu uiweke juu ya mchoro, ukague mraba kwa mraba.

Vipimo vikiwa sahihi na bado sura inakataa, ishuku picha ya kamera. Simu ikipelekwa karibu sana na uso, pua huvimba na masikio hurudi nyuma. Picha nyingi za twiga zinazopigwa Giraffe Centre, Lang'ata jijini Nairobi, ambako wageni huwalisha kwa mkono, zina kasoro hiyo: mdomo mkubwa, kichwa kidogo. Umeinakili kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliokuponza. Tafuta picha iliyopigwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu.

Kisha macho. Mboni ya simba, chui na duma ni ya mviringo, na kwenye jua kali huwa ndogo. Ukichora mboni ya wima umechora paka wa nyumbani aliyenenepa. Mboni ya swala, nyati, twiga na pundamilia imelala kwa mapana. Kama mboni ni sahihi na bado jicho linatumbua, tazama juu yake: ukope wa juu hutupa kivuli kwenye sehemu ya juu ya jicho, na wengi hukisahau. Ongeza kivuli hicho, hata hafifu, na jicho litarudi ndani ya kichwa. Nukta ya mwanga nayo iachwe nyeupe tangu mwanzo, na pembeni yake utie rangi ya mbingu kidogo.

Alama za spishi zina sheria zake. Duma ana mstari mweusi unaoshuka kutoka kona ya ndani ya jicho hadi mdomoni, chui hana. Madoa ya duma yamejaa, ya chui mgongoni na ubavuni yamepangwa kwa duara zilizo wazi katikati. Ukiona nukta ndogo nyeusi ndani ya duara hizo, picha uliyopakua ni ya jagwa wa Amerika. Pundamilia wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya ana mistari myembamba na masikio mapana ya mviringo. Mabaka ya twiga wa Kimaasai yana kingo zilizochanika-chanika, lakini wale wa Lang'ata ni twiga wa Rothschild, hivyo usiunganishe kichwa cha mmoja na shingo ya mwingine. Pua ya simba kijana ni ya waridi na hupata weusi kadiri anavyokua. Watafiti wa Serengeti wameutumia weusi huo kukadiria umri. Manyoya makubwa meusi ya shingoni pamoja na pua ya waridi safi hayaendani, na anayewajua simba ataliona hilo kabla ya kuona kitu kingine.

Picha imelala, haina uhai

Ipige picha kwa simu, uigeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Fanya hivyo hivyo kwa picha ya kamera. Zilinganishe. Takriban kila mara utakuta mchoro wako wote uko katikati: hakuna giza la kweli, na mwanga umepakwa rangi ukapotea. Woga wa giza ndio chanzo, na tiba yake ni kuweka giza mapema, mboni na tundu za pua zikiwa za kwanza, ili uwe na kipimo cha kulinganishia mengine.

Lakini usichukue penseli nyeusi peke yake. Nyeusi tupu hutoboa shimo kwenye picha. Jenga giza kwa indigo, hudhurungi iliyoiva na damu ya mzee, kisha nyeusi juu kidogo. Kwa tembo ni hivyo hivyo kwa kijivu: tembo wa Tsavo ni mwekundu kwa sababu ya udongo anaojimwagia, na ukimtia kijivu cha kwenye boksi umemtoa nyumbani kwake. Mstari mweupe wa pundamilia ukiwa kivulini huwa na samawati ya mbingu na kahawia ya ardhi. Acha weupe wa karatasi pale tu jua linapopiga.

Rangi zimekuwa tope

Umechanganya rangi zinazopingana, mfano urujuani na manjano, kwa uzito sawa. Au kipande unachosugulia rangi ili zichanganyike kilibeba giza la sehemu nyingine. Au ulirudi na penseli kabla thina haijakauka. Toa kwa gundi ya kukandwa, kisha pitisha rangi moja nyepesi juu ili kuunganisha. Mistari ya kijivu chafu ndani ya manjano ni ya penseli ya kawaida uliyochorea mwanzo. Kabla ya rangi, punguza mistari hiyo kwa raba ya kukanda hadi ibaki hafifu tu.

Madogo madogo

Kiini kikivunjika kila ukichonga, kichongeo ni butu au penseli iliwahi kuanguka ikavunjika ndani. Badili kichongeo kwanza, kwa kuwa ndicho rahisi. Usiache penseli za nta kwenye gari lililoegeshwa juani. Karatasi ikijikunja, ni unyevu: iweke chini ya ubao mzito ikiwa katikati ya karatasi mbili safi, mbali na ukuta wa nje. Michirizi ya mafuta ni ya kiganja chako, weka karatasi chini ya mkono.

Rangi imepauka ukutani

Mteja anakutumia picha: waridi ya pua imetoweka, zambarau ya vivuli imekuwa kijivu. Hii haina tiba, ina kinga tu. Waridi na zambarau ndizo hufifia mapema, na bahati mbaya ndizo zinazohitajika puani, ndani ya masikio na kwenye vivuli. Faber-Castell huandika nyota kwenye penseli, tatu zikiwa ndizo zinazodumu zaidi kwenye mwanga; Luminance zimetengenezwa kufuata ASTM D6901, kipimo cha uwezo wa penseli za rangi kustahimili mwanga.

Kama boksi lako halina alama yoyote, pima mwenyewe. Paka mstari wa kila rangi kwenye karatasi, funika nusu yake kwa kadi nyeusi, bandika kwenye dirisha lenye jua kwa miezi mitatu. Rangi iliyobadilika iandikwe jina. Picha ya kuuza iwekwe kwenye fremu yenye pasipatu, yaani ukingo wa kadi unaozunguka picha, ili kioo kisiguse nta, na isitundikwe ukuta unaopigwa na jua la asubuhi wala la jioni. Penseli zilizoshindwa jaribio la dirishani ziweke kwenye kopo lake, na uzitumie kwa mazoezi tu.